Walivyofungia Karanga Hadithi Zetu

Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie. Nimeshaambiwa nitulie na imamu, na mume wangu, na jirani wa kulia na wa kushoto, na hata mteja mmoja aliyekuja kupunguziwa gauni kiunoni. Sitatulia. Jina langu ni Kulthumu, fundi wa kushona hapa Baraka, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Cherehani yangu iko barazani, na baraza yangu inatazamana na mlango wa maktaba, kwa hiyo yaliyotendeka pale yalipita mbele ya macho yangu. Nitayasema mimi, maana Florentine mwenyewe ni mpole kupita kiasi, na akiyasimulia yeye atawatafutia wakosaji udhuru.

Florentine ndiye aliyekuwa akitunza maktaba. Ni mzaliwa wa Mboko, binti wa wakulima wa mihogo. Vita vilipofika kwao alivushwa ziwa akiwa mtoto, akakulia kambini Tanzania. Huko walimu wa Kikongo waliokuwa wakifundisha kwenye mahema walimpa kazi ya kubeba sanduku la vitabu kutoka darasa moja hadi jingine. Alilibeba miaka na miaka, na kila kilichokuwa ndani alikisoma. Wakati wa kurudi nchini, wenzake walirudi na mabati, masufuria na magodoro. Yeye alirudi na katoni za riwaya, na mama yake mzazi alimnunia safari nzima kwa sababu ya katoni hizo.

Chama cha waliorudi kikampa chumba kimoja chenye kabati na meza. Mshahara wake ulikuwa ahadi, na ahadi ilikuwa ikilipwa kwa ahadi nyingine. Lakini chumba kilifunguliwa kila asubuhi na watu walikuja, na wala si kwa sababu ya vitabu tu, maana vitabu viko hata parokiani na havisomwi. Walikuja kwa sababu Florentine alijua kumpa mtu kitabu kinachomfaa.

Lazima nieleze, kwa kuwa watu wa mbali wanadhani kitabu ni kitu cha mtu mmoja na taa yake. Kwetu sivyo. Vitabu vingi ni vya Kifaransa, na Kifaransa hakikugawiwa kila nyumba. Mwenye nacho huketi katikati ya lupango, yaani ua wa nyumba, wengine wanamzunguka wakichambua majani ya sombe au kushona nyavu, naye anasoma na kugeuza palepale kwa Kiswahili, na Kiswahili kikimwishia anaingiza Kibembe. Kitabu kimoja kikitoka maktabani kinasikilizwa na ukoo mzima.

Basi Florentine hakuwahi kumuuliza mtu anapenda kusoma nini. Alisema ukimuuliza mtu hivyo atakudanganya, atakutajia Biblia na maendeleo. Yeye alikuwa na maswali yake. La kwanza: “Nani atasikia?” Ukimtajia bibi yako, shemeji zako na mtoto anayenyonya, analipima jibu, kisha anauliza la pili: “Na kwenu munagombanaka juu ya nini?”

Hapo watu walicheka, halafu wakasema ukweli, maana hakuna anayeona haya kusimulia ugomvi ambao yeye ndiye mwenye haki. Na katika ugomvi ule Florentine alisikia hamu ya nyumba nzima. Wavuvi hakuwapa kamwe hadithi za maji; aliwapa garimoshi na majangwa, wakazigombania. Mama mmoja wa kwaya, mtu wa kusali mpaka sauti inamkauka, aligunduliwa kuwa anapenda hadithi za sumu. Kijana aliyerudi mikono mitupu kutoka machimbo ya dhahabu ya Lulimba alipewa riwaya ya tajiri anayefilisika polepole, na tulimsikia akicheka huko kwao hadi tukadhani amepandwa na malaria. Katekista mmoja aliomba ya mapenzi na kuapa kwamba ni kwa ajili ya mkewe. Alirudi baada ya muda mfupi kuomba nyingine, na mkewe wakati huo alikuwa amekwenda Uvira kumuuguza dada yake.

Aliyemtoa Florentine jasho ni Papa Albert. Alikuwa fundi wa mota za mitumbwi, sasa macho yamefifia na mkwewe humleta barazani kwangu asubuhi akienda shamba. Mimi ndiye niliyemsomea, mguu ukikanyaga cherehani. Mzee yule ana ulimi wa wembe. Florentine alimletea kitabu cha mabaharia, akakisukuma.

“Mama Florentine, mi nilishika mota maisha yote. Sasa unaniletea mota tena ndani ya kitabu? Rudisha.”

Akaletewa cha mapenzi, akalala. Akaletewa cha vita, akasimama akaondoka bila fimbo yake, nikalazimika kumkimbilia. Mwishowe Florentine akaketi chini pale kwenye vipande vya vitambaa na kumuuliza swali lake la ugomvi. Kumbe hilo ndilo mzee alilokuwa akilingoja!

“Juu ya parsele yangu!” alisema. “Ile ya karibu na maji. Balinikamatia, nikaenda ku tribinali. Kila mwaka banabadirisha juge, dosie inapotea, bananiambia: Mzee, utarudia. Mi siombi hata kushinda, mama. Mi naomba mutu mumoja akate ile kesi. Aseme ndiyo ao hapana, nilale.”

Kesho yake Florentine alikuja na riwaya ya mahakama. Papa Albert aliisikiliza kinywa wazi, na hakimu alipogonga meza na kutoa hukumu, mzee alipiga goti lake kwa furaha kana kwamba kiwanja chake kimerudi. Kuanzia siku ile alikuwa mtu mwingine. “Kesi,” aliagiza. “Muniletee kesi.” Alisikiliza kesi za wezi, za waume wawili wa mke mmoja, za daktari aliyemkata mgonjwa mguu usiougua. Wateja wangu wakaanza kuchelewa makusudi kuchukua nguo zao ili wasikilize, na baraza ikajaa.

Ndipo tukafika kwenye kitabu cha mjane mwenye kinu. Mjane wa nchi ya baridi alishtakiwa kumuua shemeji yake aliyetaka kumnyang'anya kinu cha kusaga ngano alichoachiwa na marehemu. Kitabu kilikuwa katika majalada mawili manene. Barazani kwangu watu waligawanyika. Mimi nilisema hakuua. Papa Albert alisema aliua, na alifanya vizuri. Florentine, aliyekwisha kukisoma zamani kambini na kusahau mwisho wake, aliapa hatafungua jalada la pili kabla yetu. Tulimaliza la kwanza mahali ambapo mwendesha mashtaka anasimama na kuonyesha kiatu cha marehemu.

Siku hiyohiyo alikuja Bonaventure.

Bonaventure ni prezida wa komite ya maktaba, mfanyabiashara wa magodoro, mtu wa suti hata jua likiwaka namna gani. Sijapata kumwona akifungua kitabu, isipokuwa kimoja alichokalia mkutanoni kwa sababu kiti kilikuwa na vumbi. Alisimama mlangoni kwa Florentine akiwa na habari njema ya wafadhili, na sauti yake ilifika hadi kwangu.

“Mama Florentine, tumepata bafazili! Batapaka rangi, bataleta bitabu bipya. Lakini balisema wazi: banataka bitabu bya maana. Usafi, amani, kilimo. Bantu yetu balipata mateso, haiko wakati ya kusoma mapenzi ya Bazungu.”

“Na ile ya hadithi itaenda wapi, Prezida?”

“Italala ku depo mpaka rangi ikauke. Kisha tutaona.”

Florentine alimwamini. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la mapenzi, na ndiyo maana linaniuma. Alikuja kwangu akaomba vipande vya vitenge vilivyobaki chini ya cherehani. Akashinda maktabani akifunga vitabu bunda kwa bunda, lakini si kwa ukubwa wala kwa alfabeti. Alivifunga kwa nyumba. Bunda la wavuvi na magarimoshi yao, bunda la mama wa kwaya na sumu zake, bunda la mapenzi la katekista, bunda la baraza ya Kulthumu lenye kesi zote na jalada la pili la mjane. Kila bunda na kitambaa cha rangi yake, ili vikirudi kila nyumba ipate chake bila kuhangaika. Nilimsaidia kukaza mafundo mwenyewe. Kigari kikaja kikavichukua, na yeye akakipungia mkono.

Rangi ilikauka. Vitabu havikurudi. Florentine aliuliza, akaambiwa depo, ile ghala, ina unyevu, vinaanikwa. Akauliza tena, akaambiwa mwenye ufunguo amekwenda Kalemie. Papa Albert alikuwa akiniuliza kila asubuhi kabla hata ya salamu: “Mujane alifungwa ao hakufungwa?” Nikimwambia kitabu hakijarudi, alitikisa kichwa na kusema, kama makarani wa mahakama, “Dosie imepotea.” Alisema kwa utani, lakini siku kwa siku utani ulikuwa ukipungua.

Halafu nikanunua karanga. Siku ya soko, jua kali, nilikwenda kwa Jamila anayeuza pale karibu na mitumbwi inapofikia, nikamletea mzee karanga za kutafuna. Jamila aliniwekea katika karatasi iliyokunjwa pembe kama kawaida. Nilifika barazani, nikamwagia mzee karanga kiganjani, nikataka kuitupa ile karatasi. Jicho langu likaona neno la Kifaransa: mjane. Nikaona tena: kinu. Nikaikunjua juu ya meza ya cherehani na damu ikanipanda kichwani.

“Unanyamaza nini?” Papa Albert aliuliza.

Nilimsomea. Ulikuwa ukurasa wa jalada la pili: mtumishi wa mjane yuko kizimbani, anaulizwa usiku ule alisikia nini ghalani, anaanza kujibu, na ukurasa unakwisha na doa la mafuta. Mzee alikuwa bado ameshika karanga. Hakula hata moja. Akazirudisha mezani polepole, akazipanga pembeni, akafuta kiganja kwenye suruali.

Nilimwita Florentine kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Tukaenda sokoni pamoja, mimi mbele, yeye nyuma akisema, “Dada Kulthumu, pole pole, pengine ni kitabu kingine.” Kwa Jamila, chini ya beseni la karanga, tulikuta kitambaa changu cha kijani kimelegezwa na karatasi zimechanwa kwa mpangilio mzuri.

“Mi nilinunua karatasi tu,” Jamila alisema, na nilimwona ameogopa. “Mutu alikuja nabyo ku soko, bunda bunda, akasema komite inatupa takataka. Tulipimiwa ku kilo. Kila mwenye karanga alikamata bunda yake.”

“Mutu ya nani?”

“Mutu ya Prezida. Ule wa kigari.”

Mnaona? Hadithi zile zingekuwa zimetupwa ovyo katika magunia, labda muuzaji angezikataa. Lakini Florentine alizifunga vizuri, zikabebeka vizuri, zikapimika vizuri. Upendo wake uliwarahisishia kazi.

Na kwa kuwa kila bunda lilikwenda kwa muuzaji mmoja, kila muuzaji alikuwa na hadithi za nyumba moja. Kwenye maegesho ya pikipiki karanga zilifungwa kwa magarimoshi na majangwa. Mlangoni mwa kanisa zilifungwa kwa sumu. Kwa muuzaji mwenye bunda la katekista tulimsikia dereva wa pikipiki akimwambia muuzaji, “Minapenda ile ya mapenzi, usinipe ya kulia,” na muuzaji akamchagulia karatasi kabla ya kupima karanga. Watu walikuwa wakinunua karanga kwa hadithi! Wengine walicheka waliponiona nimekasirika. Mimi nilitamani kupindua beseni moja baada ya jingine kutoka kanisani mpaka ziwani. Florentine hakucheka na hakulia. Alikwenda kwa kila muuzaji akaomba kwa adabu kilichobaki, kama mtu anayekwenda kuchukua mwili wa ndugu yake.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Cha mjane tulipata kurasa za katikati, nazo zimerukana. Mwisho wote ulikuwa umekwenda na karanga. Jamila alisema kwa haya kwamba alianzia nyuma, kwa sababu ni rahisi kuchana.

Tulimkuta Bonaventure dukani kwake, ameegemea magodoro. Nilikuwa nimejiandaa kumpa vidonge vyake, lakini Florentine alinigusa mkono akasema mwenyewe.

“Prezida, uliniambia bitabu biko ku depo.”

“Mama, ile ilikuwa karatasi ya zamani. Ingine haikuwa na mwisho, ingine haikuwa na mwanzo.”

“Ilikuwa na basomaji.”

“Basomaji?” Akacheka, akanitazama mimi ili nicheke naye. “Bamama ya kushona, bazee bipofu, bataximan. Mama Florentine, bageni banakuja juma hii. Munataka kuhaibisha Baraka mbele ya bageni, juu ya hadithi?”

Hapo nilishindwa kujizuia. Nilimwambia kwamba suti yake ile niliipunguza mikono mimi, mama wa kushona, na kwamba akiinua mkono mbele ya wageni mshono wa kwapa utafumuka, maana sitauimarisha tena hata aje kwa magoti. Florentine alinivuta nje. Njiani alitangulia yeye, mimi nikimkimbilia, na nikajua kwamba kwa mara ya kwanza tangu tujuane, mwanamke yule alikuwa amekasirika. Nilifurahi, nakiri. Nikasema moyoni, sasa watamjua.

Siku ya wageni chumba kilinuka rangi. Kabati lilikuwa limejaa vijitabu vyembamba, vyote vya ukubwa mmoja: kunawa mikono, kupanda mihogo bila ugonjwa, kusamehe jirani. Kwa nini daima watu wanaotoka mbali wanaona sisi ni watu wa kufundishwa kunawa? Tunaishi kando ya ziwa. Na mihogo, Florentine amezaliwa ndani ya mihogo. Na kuhusu kusamehe jirani, nitaliacha hilo kwa sasa.

Mkubwa wa wageni alikuwa Madame mmoja wa Bukavu, mwanamke wa makamo, nadhifu, mcheshi, hana makuu. Ingekuwa rahisi kumchukia lau angekuwa na kiburi, lakini hakuwa nacho. Baada ya hotuba, Bonaventure akiwa amebana makwapa yake, Madame aligeuka kwa Florentine akasema kwa Kiswahili cha Bukavu:

“Mama, banasema wewe njo unajua kuchagulia bantu bitabu. Mi utanichagulia gani?”

Bonaventure akawahi kunyoosha kidole kwenye kijitabu cha amani. Florentine hakukitazama. Aliuliza tu, kwa sauti yake ya kila siku:

“Madame, ku nyumba nani atasikia?”

“Hakuna. Mi minasomaka peke yangu.” Akacheka. Florentine alimwonea huruma, nilimwona usoni.

“Na kwenu munagombanaka juu ya nini?”

Madame alitazama huku na huku. Angeweza kukataa kujibu, mbele ya watu wote wale. Lakini Florentine ana namna ya kukungoja.

“Juu ya nyumba ya baba,” alisema Madame mwishowe. “Alikufa, bakaka yangu bakasema mwanamuke harizi. Tuko ku tribinali mpaka leo.”

Papa Albert, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la mbele, alitoa sauti kooni.

Florentine alifungua fundo la kitenge chake kiunoni. Akatoa pembe ya karatasi yenye karanga, akampa Madame kwa mikono miwili.

“Basi kitabu yenu njo hii. Ilikuwa hapa, mu kabati hii. Leo iko inafunga karanga.”

Madame alidhani ni zawadi ya desturi, akatabasamu, akamimina karanga kiganjani, kisha akaona maandishi. Akaanza kusoma. Alisoma ukurasa mzima amesimama, karanga zikiwa mkono mwingine, na wageni wenzake wakimngoja, na Bonaventure akijipangusa shingo. Alipofika chini akaugeuza, akasoma nyuma. Kisha akainua kichwa, na uso wake ulikuwa wa mtu wa barazani kwangu.

“Na kisha?” aliuliza.

“Muulize Prezida,” alisema Florentine. “Njo yeye aliuzisha ingine.”

Mama wa kwaya alipiga kigelegele. Nami nikapiga, tena kirefu. Bonaventure alichukua kipaza sauti na kuomba mchungaji afunge kwa sala, na ile sala ilikuwa ndefu. Lakini Madame, kabla ya kupanda gari, aliikunja karatasi ile akaitia mkobani. Akamwomba Florentine jina la kitabu na namba ya simu, akaviandika vyote viwili. Akamshika mkono akasema, “Nitakupigia.” Gari lilipoondoka tulibaki tumesimama barabarani tukiamini, na Papa Albert akasema kwamba sasa kesi imefika kwa mkubwa.

Juma halijaisha, mtu wa kigari alikuja kuchukua ufunguo. Maktaba akapewa shemeji wa Bonaventure, binti anayejua sana kupaka kucha. Maswali hayaulizwi tena. Ukiingia, ukiwa mwanamke unapewa usafi, ukiwa kijana unapewa amani, ukiwa mzee unaambiwa ukae. Watu waliacha kuingia. Florentine akawa anakuja barazani kwangu kunisaidia kushona vifungo, kazi asiyoijua, na mara nyingi nilivishona upya akishaondoka. Bado watu walimfuata. Walimweleza ugomvi wao, naye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia ni kitabu gani kingewafaa, kikoje, kinahusu nini. Wakauliza kiko wapi. Akawaambia hakipo.

Papa Albert hakuacha kuja. Salamu yake ilikuwa, “Madame alipiga?”

Na Madame alipiga, wallahi. Ilikuwa asubuhi, baraza imejaa, nguo za sikukuu zinangojewa. Florentine alipoona namba aliinyoosha simu katikati yetu ili tusikie wote, akaongeza sauti. Nilisimamisha cherehani. Papa Albert alisogeza kiti.

“Mama Florentine! Njo mimi, Madame wa Bukavu. Unajua nini? Kitabu nilikipata! Rafiki yangu mumoja alinitumia kutoka Ulaya, bijalada byote bibili. Nilisoma siku mbili, sikula. Mama, ulinichagulia muzuri, muzuri sana, sijui nitakushukuru namna gani.”

Florentine alikuwa akicheka kwa furaha, machozi yamemlenga. Hata mimi nilisahau kukasirika.

“Aksanti Madame, aksanti sana. Sisi ku huku tulibakia pa kiatu ya marehemu. Tuko na mzee wetu hapa, anasikia.”

Papa Albert akainama mpaka mdomo ukakaribia simu, akapaza sauti kama mtu anayeongea na mtumbwi ulio mbali:

“Madame! Juge alikata namna gani?”

Upande wa pili Madame alicheka, kicheko kizuri, cha mtu mwenye moyo mwema.

“Aaa, hapana, Papa! Ile siwezi kusema. Ningewaharibia! Kitabu ya vile lazima mutu asome ye mwenyewe mpaka mwisho.”

Florentine akaisogeza simu kwake. “Tutasoma wapi, Madame?”

“Bon, tutaangalia mu bajeti ya mwaka kesho, kama bafazili batakubali sehemu ya hadithi. Haya Mama, kuraji! Mubakie muzuri!”

Simu ikakatika. Mimi nilikuwa na maneno, nilikuwa nayo mengi na machafu, lakini hayakutoka, kwa sababu Papa Albert alikuwa anapapasa chini kutafuta fimbo yake. Florentine akaiokota akampa.

“Anajua,” alisema mzee. Hakupaza sauti. “Ule mwanamuke anajua, na anakatala kusema.”

Akaomba apelekwe kwake. Mkwewe alikuwa shamba, kwa hiyo tulimshika Florentine na mimi, mmoja kila upande, tukampeleka taratibu. Hajarudi barazani kwangu tena. Nikimpitia na kumwambia nimepata mtu wa Uvira mwenye riwaya, ananiuliza kama ina mwisho, nami siwezi kumwapia, basi anageukia ukuta.